Na Nisipoiweka?

Sauti ya Nekesa ilinikuta juu ya paa la jengo moja refu kule Lusail, siku ya Jumatatu, nimeshika bisibisi mdomoni na vijana wangu wawili wananisubiri niwaambie kwa nini mtambo wa ubaridi umegoma. Ulikuwa ujumbe wa sauti, nikauweka sikioni nikidhani ni mteja. "Fundi, ni mimi Nekesa. Yule wa chai. Alhamisi napita Doha, niko na masaa saba kabla nipande ndege ingine, na viza ya kutoka nje wamenipatia. Nataka nione hiyo karakana yako watu wanaongea. Kama uko." Nikadhani ujumbe umekwisha, kumbe bado. "Na ile daftari, kama bado iko." Basi. Hakuniuliza hali, hakuniambia yake. Niliisikiliza mara tatu palepale juani, na vijana wakaanza kutazamana, maana hawajazoea kuniona nimesimama bila kutoa amri.

Nisijifiche, mimi ni mtu niliyejitengeneza mwenyewe, na sioni haya kulisema. Shule yangu iliishia darasa la saba. Nilikuja nchi hii kulinda mlango wa hoteli, nikiwa sijui kusema lolote ila "yes sir" na "marhaba". Leo nina karakana Al Wakrah, nina magari mawili yenye jina langu ubavuni, nina mafundi sita wa mataifa manne, na ukiingia katika majumba kadhaa ya mji huu ukahisi ubaridi mzuri usoni, ujue mkono wangu umepita hapo. Wapo mainjinia wenye vyeti vya kutandika ukuta mzima wanaonipigia simu wakikwama. Haya yote nimeyapata kwa macho na vidole. Lakini ukiingia karakana yangu, kitu cha kwanza utakachokiona juu ya meza ya kazi ni daftari moja lenye jalada la plastiki, limechakaa pembeni, na kila ninayemwajiri hulisoma lote kabla sijamruhusu kugusa chochote. Wageni hulifunua wakasifu mwandiko. Ni mwandiko mzuri kweli, umenyooka kama askari kwenye gwaride. Nami, wakisifu, hunyamaza nikasifiwa.

Mwaka lilipoandikwa daftari lile, duka letu lilikuwa Al Sadd, uchochoroni, kati ya fundi cherehani Mpakistani aliyeshona mabaibui na mkahawa mdogo wa chai ya karaki. Lilikuwa na vyumba vitatu. Mbele kaunta, nyuma meza ya kazi, na pembeni ofisi ya mudiri, yaani meneja wetu, iliyotengwa kwa ubao mwembamba kiasi kwamba akikohoa wewe ndiye unayeombwa msamaha. Nyuma kabisa kulikuwa na jiko, kama litastahili jina hilo, lenye sinki, plati mbili za umeme, na stuli mbili. Jiko lile lilikuwa himaya ya Nekesa. Alitoka upande wa Bungoma, alikuwa amemaliza kidato cha nne, na kwenye kadi yake ya ukaazi kazi yake iliandikwa mfanya usafi. Alipika chai, alipiga deki, alipokea vifurushi, na jioni alipanga risiti za mudiri kwa mpangilio ambao mudiri mwenyewe hakuwahi kuuweza.

Kazi yetu ilikuwa kufufua bodi za mitambo ya ubaridi. Kwa asiyejua, kila mtambo wa ubaridi una bodi yake, na katikati ya bodi kuna chipu ndogo kama ukucha. Humo ndimo yanamokaa maagizo yote: washa, zima, punguza, ngoja. Joto la Doha likiua chipu, unang'oa, unabandika mpya, na ile mpya huja tupu, haijui hata jina lake. Inabidi uijaze. Unaiunganisha na laptopu kwa nyaya sita, kisha unaiendesha kwa programu isiyo na picha wala kitufe cha kubonyeza, dirisha jeusi tu. Unaiandikia sentensi, na kila unachotaka ifanye ni herufi moja yenye kistari mbele. Kuna herufi ya kutaja aina ya chipu, ya kufuta, ya kuandika, ya kusoma kilichomo, ya kuilazimisha ikikataa, na nyingine nyingi. Ukikosea moja, ama inakutukana kwa Kiingereza, ama inakaa kimya huku umeshaharibu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Aliyekuwa akizijua herufi hizo zote ni Msudani mmoja mzee tuliyemwita Bashmuhandis, kwa heshima ya uinjinia wake. Mimi nilikuwa dereva wa duka. Nilikuwa nikileta bodi asubuhi, na badala ya kwenda kulala garini kama madereva wengine, nilisimama nyuma ya kiti chake. Miaka miwili nilisimama. Hakunifukuza, hakunifundisha. Nilijifunza vidole vyake vinakokwenda kama mtoto anavyojifunza kucheza ngoma asiyojua maneno yake. Na siku aliyougua macho, mwanawe akaja kumchukua ndani ya juma moja, mudiri akatoka ofisini kajishika kiuno, akanitazama mimi, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kutazama.

"Shomari, wewe unajua hii kazi?"

"Najua."

"Zote? Kila herufi?"

"Zote, mudiri. Hata nikiwa nimefumba macho."

Hapo sikusema uongo mkubwa. Kufanya nilijua. Akaniambia nikae kwenye kiti cha Bashmuhandis, na kwamba hatarudia kosa la kuweka duka zima ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Herufi zote ziandikwe, kila moja na kazi yake, ili hata mtu asiyejua kitu akilishika daftari aweze kufanya. Nikasema hewala. Kuandika kwangu, wanaonijua wanajua, ni kwa kuomba Mungu. Herufi zangu huegemeana kama walevi. Nikaenda jikoni.

"Dada Nekesa, wewe una mwandiko."

"Sasa unataka nikuandikie barua ya mapenzi?"

"Kubwa kuliko hiyo."

Alifuta mikono kwenye aproni, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha alifanya kitu ambacho sikukitegemea. Alitoka, akabisha hodi kwa mudiri, akaingia, na kupitia ule ubao nikasikia kila neno. Alimwambia kwamba mkataba wake unakwisha baada ya kiangazi. Alimwambia kwamba daftari halijulikani kama ni zuri mpaka lijaribiwe na mtu asiye fundi. Basi amjaribu yeye. Akiweza kufufua bodi peke yake, kwa kulifuata daftari tu, bila kumwuliza mtu, mudiri amwandikie mkataba mpya na kwenye kadi yake pafutwe mfanya usafi paandikwe fundi. Mudiri alicheka. Nekesa hakucheka naye. Mwishowe nikasikia kiti kikilia, na mudiri akasema, "Sawa. Ukiweza, fundi. Ukishindwa, unarudi kwenu, mama, mimi sina haja ya mtu wa chai mwenye makelele."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Duka lilikuwa likifungwa saa sita mchana mpaka saa tisa kwa ajili ya jua, na masaa hayo matatu tulikaa kwenye zile stuli mbili, laptopu juu ya ndoo iliyogeuzwa, sufuria kwenye plati. Mimi nilileta machibusi ya kuku kutoka mkahawani, wali wenye ndimu kavu ambazo Nekesa alizitoa moja moja akaziweka ukingoni mwa sahani kama mtu anayeokota mawe. Yeye alisonga ugali wa unga alioununua mwisho wa mji kwa Mhindi, mgumu wa kusimamisha kijiko, na mchicha uliotiwa nyanya nyingi. Tulikula kutoka sahani zote mbili. Nyuma ya ukuta cherehani ya Mpakistani ilikwenda na kunyamaza, na kila iliponyamaza tulimsikia akiimba.

Nilimwambia herufi, akaziandika. Nilidhani ndani ya siku tatu tutakuwa tumemaliza. Lakini Nekesa alikuwa na swali lake.

"Hii ya kufuta. Inafanya nini?"

"Inasafisha chipu yote, inabaki tupu."

"Na nisipoiweka?"

"Kwa nini usiiweke? Mimi nimekwambia iweke."

"Fundi, mimi ndiye nitashika hii daftari nikiwa peke yangu. Siku nimesahau, nijue nimesahau nini. Na nisipoiweka?"

Sikujua. Bashmuhandis alikuwa akiiweka, nami nilikuwa nikiiweka. Tukachukua chipu mbovu kutoka kwenye kopo, tukajaribu bila hiyo herufi, na tukaona: programu yenyewe hufuta kabla ya kuandika, uiambie usiiambie. Nekesa akaandika hilo pia. Kila ukurasa wa daftari lile una sehemu tatu hadi leo: inafanya nini, inaonekanaje ikikubali, na nisipoiweka. Hii ya tatu ndiyo iliyotumalizia mwezi mzima. Alifika mahali akaiambia programu yenyewe itoe orodha ya herufi zake, akawa anaisoma kwa kidole, ananitafsiria, na anaponikuta nimesema tofauti ananitazama kwa jicho moja. Niliudhika, siwezi kukataa. Nilimwambia karatasi hudanganya, mkono haudanganyi. Akasema, "Sawa bwana mkubwa, tujaribu basi tuone nani mwongo." Tukajaribu. Mara nyingi mwongo nilikuwa mimi.

Siku nyingine tulicheka. Kuna herufi ya kuigiza tu, ambayo ukiiweka programu hufanya maandalizi yote, hukagua nyaya, huitambua chipu, kisha haiandiki chochote. Nekesa alitaka mfano wa kuielewa. Nikamweleza habari ya Mzanzibari mmoja wa chumbani kwetu, aliyeamka kila Ijumaa akavaa viatu vya mazoezi, akajinyoosha, akanywa maji ya chupa, akafunga kamba, kisha akarudi kitandani. "Ndiyo huyo!" akasema. "Huyo ndiye kistari n." Jina la Mzanzibari yule limo daftarini, ukurasa wa kumi na tisa, na vijana wangu wa leo husema "mfanye Mzanzibari kwanza" bila kujua alikuwa nani.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Bashmuhandis alikuwa mcha Mungu. Kila alipoiunganisha bodi, kabla ya kitu kingine chochote, alisema Bismillahi kwa sauti ya chini, na huku anaisema vidole vyake viliandika amri moja fupi. Dirisha jeusi lilijaza mstari, likasema tayari, naye akapumua, ndipo akaanza kazi. Kila bodi, kila siku. Amri ile haikubadilisha kitu kwenye chipu. Kabla yake chipu ilikuwa ilivyo, na baada yake ilikuwa vilevile. Na kwa kuwa ilikwenda na Bismillahi kila mara, katika akili yangu viliungana vikawa kitu kimoja. Niliihesabu kuwa ni ufunguzi wake yule mzee, heshima yake kwa kazi, kama mtu anayepangusa kiti kabla ya kukalia hata kama ni safi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaiacha majuma mengi. Bismillahi niliisema, lakini amri niliiruka, na nilijisifu kimoyomoyo kuwa nina kasi kuliko mwalimu wangu.

Tulipofika kuandika ukurasa wa kwanza, wa mpangilio wa kazi kutoka mwanzo hadi mwisho, Nekesa aliandika namba moja, akangoja. Yeye pia alikuwa amemwona yule mzee, maana alimpelekea chai mara nne kwa siku.

"Ya kwanza ni ile alikuwa anaandika akiomba."

"Hiyo iache. Hiyo ni dua yake tu."

"Dua inaandikwa kwa kompyuta?"

"Dada, wewe ni Mkristo, haya hutayajua. Sisi tuna adabu ya kuanza jambo. Hatuandiki kwenye kitabu cha ufundi kwamba mtu aseme Bismillahi, kila mtu anajua."

"Sawa. Lakini na nisipoiweka?"

"Hakuna kitu. Mimi siiweki, na bodi zangu zinafanya kazi. Andika namba mbili."

Akaandika namba mbili, na mbele ya namba moja akaacha nafasi.

Bodi ya mtihani wake ilitoka Al Wakrah, karibu na bandari, kwenye chumba cha baridi cha mfanyabiashara wa samaki. Mudiri aliileta mwenyewe, akaiweka mezani, akaniambia nitoke. Nilikaa mkahawani na kikombe cha karaki, nikimwona kwa mlango wa kioo. Alivaa miwani ya Bashmuhandis iliyosahaulika, si kwa ajili ya kuona, nadhani ni kwa ajili ya kujipa moyo. Alifunua daftari, akaweka kidole, akaandika, akaweka kidole tena. Alibandua, alibandika, alichomelea miguu yote ya chipu bila kuunguza hata mmoja, jambo ambalo mimi mara yangu ya kwanza sikuliweza. Taa ya kijani ilipowaka hakupiga kelele. Aliivua miwani akaifuta kwa aproni. Mudiri akaitikia kwa kichwa mara mbili, na jioni ile ile bodi ikarudishwa bandarini. Siku hiyo tulikula samaki wa kukaanga, Nekesa alinunua, na alisema jambo moja nililolikumbuka kila nilipopita njia ya Al Wakrah kwa miaka yote hii. "Fundi, si mambo mengi nataka. Ni hilo neno moja tu kwa kadi."

Siku ya pili, saa nne asubuhi, simu ya mudiri iliita, na kupitia ubao nikasikia sauti ya Kiarabu ikipiga kelele mpaka maneno yakavunjika. Chumba kilikuwa kinafanya kazi. Mtambo uliwaka, ukazima, ukawaka, kama inavyotakiwa. Ila ulikuwa unapoza kama friji la nyumbani. Samaki wote walikuwa wameyeyuka, wanaogelea kwenye maji yao.

Nilikwenda kwenye laptopu. Sijui ni nini kilinipeleka, labda ni lile jicho lake moja. Kulikuwa na folda ya Bashmuhandis niliyoiona siku zote bila kuifungua, imejaa mafaili madogo, kila moja na jina la mteja. Nikafungua moja, nikafungua la pili. Zilikuwa namba tu, mistari michache. Na mwisho wa kila faili, tarehe na saa, saa za ile amri yake ya kwanza. Nikaelewa nikiwa nimesimama. Ndani ya kila chipu, mbali na maagizo, kuna kijisehemu kidogo kinachohifadhi mambo ya mtambo ule peke yake: ubaridi uliopangwa, masahihisho ya kihisi cha joto, siri za chumba kile ambazo hazimo kwenye chumba kingine chochote duniani. Mzee alikuwa akikisoma kwanza kwenye chipu ya zamani, ambayo hata ikiugua mara nyingi bado husomeka, akakiweka pembeni, na mwisho wa kazi akakirudisha kwenye mpya kwa ile herufi niliyodhani ni ya kukagua tu. Asipofanya hivyo, chipu mpya huanza na mipango ya kiwandani. Bodi nilizozifanya mimi kwa kuiruka amri ile zilikuwa za majumbani, za watu wanaobonyeza rimoti wakapanga upya bila kujua kuna kilichopotea. Chumba cha samaki hakina rimoti.

Nilikuwa nimeyajua hayo yote, nasema yote, kabla mudiri hajamwita Nekesa. Hili ndilo ninalotaka lijulikane. Wengine hufanya makosa kwa kutokujua. Mimi nilikuwa na dakika nzima ya kujua.

Alipita mbele yangu akiwa na kitambaa cha sahani begani. Mlango ulifungwa. Nikasimama kwenye ule ubao, bisibisi mkononi.

"Umefuata daftari?"

"Nilifuata, mudiri. Neno kwa neno."

"Basi daftari lina kosa. Nani kakosea? Shomari?"

Nyuma ya ukuta mwingine cherehani ilikuwa imenyamaza, na Mpakistani hakuimba. Nilijua akilitaja jina langu, kiti kile si changu tena, na huenda hata nchi. Nilijua pia kwamba hatua tatu tu zingenifikisha mlangoni. Nimepanda paa za majengo marefu bila kamba, nimeshika nyaya ambazo wengine walikataa kuzikaribia, na wanaonijua huniita jasiri, na ni kweli. Hatua tatu zile sikuzipiga.

"Mkono ulioandika ni wangu," Nekesa akasema.

"Sikukuuliza hilo."

"Ndilo jibu niko nalo."

Mkataba wake haukufanywa upya. Alibaki mpaka ulipokwisha, akapika chai kama kawaida, na mimi nilikunywa kama kawaida. Hatukula tena jikoni. Sijui kwa nini alininusuru, na sikuwahi kumwuliza, kwa sababu kuuliza kungekuwa kukiri. Siku ya kuondoka alinikabidhi daftari mikononi, limefungwa vizuri kwa mfuko wa mkate, akasema, "Chunga hii. Ni nzuri, isipokuwa mahali pamoja." Nilipobaki peke yangu nikafunua ukurasa wa kwanza. Mbele ya namba moja, pale alipoacha nafasi, palikuwa na maneno mawili ya penseli: *Na nisipoiweka?*

Miaka imepita mingi. Duka la Al Sadd sasa linauza vifuniko vya simu. Lusail iliyokuwa vumbi na makorongo imekuwa mji. Nami nimekuwa huyu niliye. Kila fundi wangu nimemfundisha ile amri kwa mdomo, namsimamia nyuma ya kiti nikimwambia, "Kabla ya yote, soma kilichomo, weka pembeni." Nimewaambia niliigundua mwenyewe baada ya hasara kubwa, na sauti yangu hunyooka ninapoyasema hayo. Lakini daftarini sikuwahi kuiandika. Penseli ile sikuifuta, wala nafasi ile sikuijaza. Aliyeniuliza kwa nini nilimjibu kwamba jambo la kwanza fundi hulibeba kichwani.

Alhamisi nilimfuata uwanja wa ndege mwenyewe, kwa gari kubwa, na nimevaa shati jipya. Nekesa alitoka amevaa suruali na viatu vya kazi, nywele zimeanza mvi pembeni. Njiani niliongea mimi: gari hili, jengo lile, mteja yule. Yeye alitazama nje. Nilipouliza anafanya nini siku hizi akasema anatengeneza mashine za hospitali, huko kwao, na sasa anakwenda kozi ya miezi miwili. "Kwa kadi wanaandika nini?" nikauliza kama mzaha. Akajibu bila mzaha, "Fundi. Ilinichukua miaka tisa."

Karakana ilikuwa imefagiliwa. Vijana wangu walisimama, nikamtambulisha kuwa ni dada yangu tuliyefanya naye kazi zamani, nikawaona wakisubiri niseme zaidi, sikusema. Alizunguka akigusa vitu kidogo kidogo kwa ncha ya kidole. Alipofika mezani aliliona daftari, na hakuligusa mara moja. Kato, kijana wangu wa Uganda, mwenye adabu nyingi na mdomo mrefu, akataka kumpendeza mgeni.

"Madamu, hiki ndicho kitabu chetu. Bosi alikiandika mwenyewe. Tazama huo mwandiko! Sisi tunamwambia angekuwa mwalimu."

Nekesa alinitazama. Lilikuwa jicho lile lile moja. Sikuwa na pa kusimama ndani ya karakana yangu mwenyewe. Alilifunua daftari, akapita ukurasa wa kumi na tisa, akatabasamu kidogo kwa Mzanzibari wetu, akarudi mpaka ukurasa wa kwanza, akakaa hapo.

"Bado hujaandika," akasema.

"Huwa nawaambia. Kila mmoja. Waulize."

"Nimekuuliza kama unawaambia?"

Akachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati la Kato, akanyoosha mkono. Nikamwambia, kwa sauti ya chini ili vijana wasisikie, "Andika wewe, dada. Wewe ndiye mwenye mwandiko." Hakushusha mkono. "Yangu niliandika yote," akasema. "Imebaki yako."

Nikavuta kiti, nikakaa. Vijana walisogea karibu, maana walidhani wanakwenda kuona bosi akiandika ule mwandiko wa gwaride. Kalamu ilikuwa nyembamba kwenye vidole vyangu. Nilianza na namba moja, kwenye ile nafasi, nikaandika amri yenyewe, herufi kwa herufi, na kila herufi ikamwegemea mwenzake. Niliposhusha mkono kwenye mstari wa pili, pembeni ya penseli yake, nilimsikia Kato nyuma yangu akivuta pumzi.

"Bosi, kumbe..." akaanza, na mwenzake akamkanyaga mguu.

Sikugeuka. Swali lilikuwa palepale, limenyooka, limeningoja miaka yote hiyo bila kuinua sauti. Nikalijibu polepole, na mstari ukapanda, ukashuka, ukatoka nje ya ukingo wa ukurasa, lakini unasomeka: *Usipoiweka, kilichokuwemo kinapotea, na atalaumiwa aliyekuuliza.*